Roketi za Luvua: Kampuni Binafsi, Serikali na Dhima ya Madhara Yatokayo Angani

Katika makala haya tunakusudia kujadili swali moja la sheria ya anga za juu: roketi au setilaiti ya kampuni ya watu binafsi ikianguka na kuleta madhara, ni nani apaswaye kulipa? Huenda msomaji akajiuliza swali la namna hiyo linatafuta nini katika jarida la taaluma za Kiswahili. Jibu letu lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa historia: kampuni ya kwanza duniani iliyoanzishwa ili kutengeneza na kurusha roketi kwa biashara ilifanya majaribio yake ya mwanzo hapa kwetu, juu ya bonde la mto Luvua, mwaka 1977 na 1978. Upande wa pili ni wa lugha: sheria hiyo imejengwa juu ya tofauti ya maneno mawili ambayo Kifaransa, lugha tunayofundishia sheria, hakiyatenganishi, na ambayo Kiswahili kinaweza kuyatenganisha iwapo tutakubaliana juu ya istilahi.

Tuanze na kuondoa utata mmoja. Neno "mkataba" katika Kiswahili lahusu makubaliano ya mataifa na pia makubaliano ya serikali na mfanyabiashara. Hapa tutaita "mkataba" yale yaliyofungwa baina ya mataifa, na "mapatano" yale yaliyofungwa baina ya serikali na kampuni. Tofauti hii si ya mapambo. Msomaji ataona kwamba kile ambacho mkataba hautoi, mara nyingi chaweza kutafutwa katika mapatano tu.

Majaribio ya Luvua

Kampuni tunayoizungumzia iliitwa OTRAG. Iliasisiwa katika Ujerumani ya Magharibi mwaka 1975 na mhandisi Lutz Kayser, na mwenyekiti wa baraza lake la usimamizi alikuwa Kurt Debus, mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha Kennedy cha kurushia roketi huko Florida. Shabaha ya Kayser ilikuwa kupunguza gharama. Badala ya roketi moja kubwa yenye mitambo ya thamani, alitaka kufunga pamoja mabomba mengi membamba yanayofanana, kama mtu afungavyo mzigo wa kuni. Kila bomba lingebeba mafuta ya taa na tindikali, na vali zake zingefunguliwa na injini ndogo ya umeme ya aina ile ipangusayo vioo vya motokaa wakati wa mvua. Fedha zilitoka kwa mamia ya wawekezaji binafsi, ambao wengi wao walivutiwa na nafuu ya kodi kuliko kuvutiwa na nyota.

Kwa mapatano yaliyofikiwa na serikali ya Zaire kati ya mwaka 1975 na 1976, kampuni ilipewa haki ya kutumia, hadi mwaka 2000, eneo la takriban kilomita za mraba 100,000 katika jimbo la Shaba, kama Katanga ilivyoitwa tangu 1971 hadi 1997. Ili msomaji apate picha, Rwanda na Burundi zikijumlishwa hazifiki kilomita za mraba 55,000. Wakosoaji wa wakati ule waliyalinganisha mapatano hayo na hati za makampuni ya enzi ya ukoloni. Nasi tunaoishi katika nchi iliyowahi kutawaliwa kwa sehemu na Comité Spécial du Katanga, chombo kilichoundwa mwaka 1900, hatuhitaji kuelezwa ulinganisho huo una maana gani.

Roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977, wakati vita vya kwanza vya Shaba vilikuwa bado vichungu. Ya pili ilirushwa tarehe 20 Mei 1978, yaani siku moja tu baada ya askari wa miavuli wa Kifaransa kushuka Kolwezi. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilirushwa mbele ya Rais Mobutu na wageni wake. Ilipanda kidogo, ikapinda, ikaanguka bondeni. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyokusudiwa kuzunguka dunia. Zilikuwa za majaribio, nazo zilipanda kilomita chache tu zikilinganishwa na safari ya setilaiti. Hata hivyo zilitosha kuamsha hofu. Muungano wa Kisovyeti na baadhi ya majirani wa Zaire walidai kwamba roketi hizo ni makombora ya vita yaliyovishwa nguo za biashara. Nguvu ya neno hapa ni ya kuangaliwa: chombo kile kile, kikiitwa "roketi", ni cha mfanyabiashara; kikiitwa "kombora", ni cha jeshi, na mmiliki wake anakuwa serikali fulani iliyojificha. Serikali ya Bonn ilikana kuhusika. Mwezi wa Aprili 1979 Zaire iliamuru shughuli zikomeshwe. Kampuni ilihamia Libya, ambako ilirusha roketi kuanzia mwaka 1981, na hatimaye ikavunjwa mwaka 1987.

Mengi yameandikwa juu ya siasa ya jambo hilo, juu ya Mobutu, Brezhnev na vita baridi. Swali ambalo halikuulizwa kwa sauti ni hili: ile roketi ya tarehe 5 Juni ingaliangukia kijiji, wanakijiji wangalimdai nani?

Wajibu na dhima

Swali la kampuni binafsi angani lilizuka mapema kuliko wengi wadhanivyo. Mwaka 1962 kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, ilikuwa na setilaiti yake, Telstar, iliyorushwa na roketi ya serikali. Mwaka huo huo Muungano wa Kisovyeti ulipendekeza katika Umoja wa Mataifa kwamba shughuli za angani zifanywe na serikali peke yake. Marekani haikukubali. Suluhu iliyopatikana, kwanza katika azimio la mwaka 1963, kisha katika Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, ilikuwa ya busara ya wanadiplomasia: watu binafsi wanaruhusiwa, lakini kila wafanyalo huhesabiwa kuwa shughuli ya taifa lao. Ibara ya sita yasema kwamba nchi hubeba wajibu wa kimataifa kwa shughuli zake za angani, ziwe zimefanywa na vyombo vya serikali au visivyo vya serikali, na kwamba hivi vya pili havina budi kupata idhini na kusimamiwa daima na nchi inayohusika. Ibara ya saba yaongeza kwamba nchi irushayo chombo, au iagizayo kirushwe, au ambayo chombo kimerushwa kutoka ardhi yake, itawajibika kwa madhara yatakayoipata nchi nyingine au watu wake.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Katika matini ya Kiingereza, ibara ya sita hutumia neno "responsibility", na ibara ya saba hutumia "liable". Katika matini ya Kifaransa, ambayo ina nguvu sawa kisheria, ibara zote mbili hutumia mzizi mmoja, ule wa "responsabilité". Mwanafunzi wetu wa sheria asomaye Kifaransa peke yake huenda akadhani kwamba ibara ya saba inarudia ya sita kwa maneno mengine. Sivyo. Ibara ya sita inahusu mwenendo: nchi ilipaswa kuidhinisha na kusimamia, je, ilifanya hivyo? Ibara ya saba inahusu mfuko: madhara yametokea, ni nani atakayelipa, hata kama hakukosea lolote?

Sisi twapendekeza "wajibu" kwa ile ya kwanza na "dhima" kwa ile ya pili. Wajibu ni jambo ambalo mtu hana budi kulitenda, na msemaji yeyote wa Kiswahili hulitambua hivyo. Dhima ni mzigo ulio shingoni mwa mtu hata autue, kama deni. Tunafahamu kwamba wanafunzi wa fasihi wamezoea kuandika juu ya "dhima ya methali" au "dhima ya ngano", wakimaanisha kazi au umuhimu wake, na huenda wakashangaa kulikuta neno lao katika mahakama. Lakini maana ya mzigo ni ya zamani, nayo haijafa. Ukisema kwamba jambo limo katika dhima yako, husemi kwamba ni kazi yako tu. Unasema kwamba likiharibika, wewe ndiwe utakayeulizwa. Neno "fidia" tuliache kwa malipo yenyewe, na "dhamana" kwa ahadi ya mtu wa tatu kwamba atalipa iwapo mdaiwa atashindwa. Maneno haya manne yakichanganywa, mjadala wote huvurugika.

Nchi irushayo

Dhima hiyo ilifafanuliwa katika mkataba wa pekee wa mwaka 1972, ambao tutauita Mkataba wa Dhima. Kwa madhara yaliyotokea juu ya uso wa dunia, au kwa ndege iliyo angani, nchi irushayo hulipa bila kuulizwa kama imekosa. Kwa madhara yaliyotokea kwingineko, kama vile setilaiti kugonga setilaiti, ni lazima kosa lithibitishwe. "Kurusha" kwahesabiwa pamoja na kujaribu kurusha, na "chombo" kwahesabiwa pamoja na vipande vyake na roketi iliyokibeba.

Yafaa tuonyeshe kwa mfano jinsi nchi nyingi ziwezavyo kuwa nchi irushayo kwa chombo kimoja. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Waliorusha walikuwa Waitalia. Kwa heshima ya siku hiyo setilaiti ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Kwa lugha ya sheria, hapo pana aliyeagiza, pana aliyerusha, na pana mwenye mahali pa kurushia. Mkataba wa Dhima, uliokuja miaka miwili baadaye, wasema kuwa wote wa namna hiyo hushikwa kwa pamoja: mwenye madhara aweza kumdai yeyote kati yao fidia yote, nao wenyewe wagawane baadaye. Na ibara ya tano yasema waziwazi kwamba nchi ambayo chombo kimerushwa kutoka ardhi yake au kituo chake itahesabiwa kuwa mshiriki.

Turudi Luvua na kanuni hizo mkononi. Je, Ujerumani ya Magharibi ilikuwa nchi irushayo? Wanasheria wanaweza kubishana. Roketi ilikuwa ya kampuni, si ya serikali, serikali haikuagiza, ardhi haikuwa yake. Wajibu wa kusimamia raia wake ilikuwa nao kwa ibara ya sita, lakini dhima ni jambo jingine. Je, Zaire ilikuwa nchi irushayo? Hapa hapana ubishi mwingi, kwani ardhi ni ardhi. Nchi iliyotoa ardhi kwa mradi uliobuniwa Ujerumani ndiyo iliyosimama mahali ambapo dhima ingeiangukia kwa urahisi kuliko zote. Twaongeza kwamba Zaire ilikuwa imetia sahihi Mkataba wa Anga za Juu mwaka 1967, lakini wakati wa majaribio ilikuwa haijauridhia.

Sasa tufanye kama mwalimu wa sheria afanyavyo, tubuni tukio. Mto Luvua hutoka katika Ziwa Mweru, penye mji wa Pweto, na ziwa hilo limegawanywa kati ya Kongo na Zambia. Roketi imepotea njia, imeangukia ziwani, imewajeruhi wavuvi wawili: mmoja Mzambia, mwingine Mzaire, mitumbwi yao ikiwa haiachani hata mita mia. Tuchukulie kwamba mataifa yote yanayohusika yamejifunga na Mkataba wa Dhima. Mvuvi wa Zambia ana njia: serikali yake itaidai Zaire kwa njia ya kibalozi, bila haja ya kuthibitisha kosa, na fidia itapimwa kwa kipimo cha kumrudisha mtu katika hali aliyokuwa nayo kabla ya kuumia. Mvuvi wa Zaire hana. Ibara ya saba ya Mkataba wa Dhima yasema kwamba mkataba hautumiki kwa madhara yaliyowapata raia wa nchi irushayo yenyewe, wala kwa wageni wanaoshiriki katika kazi hiyo au walioalikwa karibu na mahali pa kurushia.

Sababu ya ibara hiyo yaeleweka. Mataifa hayakupenda mkataba wao uingilie mambo ya ndani baina ya serikali na raia wake. Ilidhaniwa kwamba nchi yenye uwezo wa kurusha roketi ina pia sheria za kumlinda raia, mahakama za kumsikiliza na bima ya kumlipa. Waandishi wa mkataba walikuwa na picha ya Florida na ya Baikonur. Hawakuwa na picha ya nchi inayotoa ardhi tu.

Mtu aweza kusema: basi Zaire ingeidai Ujerumani kwa niaba ya mvuvi wake. Huenda, ikiwa kwanza ingekubaliwa kwamba Ujerumani nayo ni nchi irushayo. Lakini hapo Zaire ingekuwa mdai na mdaiwa kwa wakati mmoja, na majadiliano yangerudi kwenye namna washiriki walivyopatana kugawana mzigo. Na aliyepatana na Zaire hakuwa Ujerumani. Alikuwa kampuni yenye mtaji wa watu binafsi, ambayo miaka kumi baadaye haikuwepo tena. Wapo pia watakaosema kwamba roketi isiyokusudiwa kufika angani si "chombo cha angani" hata kidogo, maana mkataba haukueleza chombo huanza kuwa cha angani kwa urefu gani. Hoja hiyo ikikubaliwa, hata mvuvi wa Zambia atafungiwa mlango huu na itambidi agonge kwingine.

Kulipwa ni jambo jingine

Tusiipambe sana njia ya mvuvi wa Zambia. Tarehe 24 Januari 1978, kati ya roketi ya kwanza na ya pili ya Luvua, setilaiti ya Kisovyeti Kosmos 954, iliyobeba tanuri la nyuklia, iliangukia kaskazini mwa Kanada na kutawanya vipande vyenye mnururisho juu ya theluji. Kanada ilidai zaidi kidogo ya dola milioni 6 za Kanada. Mwaka 1981 pande mbili zilipatana kwa dola milioni 3, na Wasovyeti hawakukiri dhima. Hilo ndilo dai mashuhuri kuliko yote yaliyowahi kutolewa kwa kutaja Mkataba wa Dhima, nalo lilikuwa la nchi tajiri, yenye wanasayansi wa kutosha kukusanya vipande na kuvitambua.

Kutambua ndiko kugumu. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa takriban mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, katika kaunti ya Makueni, Kenya. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga la Kenya lilisema kwamba, kwa uchunguzi wa awali, ilikuwa pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Lakini pete haina sahihi ya mtu. Mkataba watoa mwaka mmoja wa kupeleka dai, tangu siku ya madhara au tangu siku nchi irushayo ilipojulikana, na kabla ya kujulikana hakuna wa kuandikiwa barua.

Mataifa yaliyo na makampuni mengi yalitambua mapema kwamba, kwa kuwa dhima ya kimataifa iko shingoni mwa serikali, serikali haina budi kumkaba mfanyabiashara nyumbani. Mwanzoni mambo yalikuwa ya kuchekesha. Kampuni ya Texas iliyorusha roketi ya Conestoga mwezi wa Septemba 1982 ilibidi, pamoja na vibali vingine, ipate kibali cha kusafirisha silaha nje ya nchi, kana kwamba anga ni nchi ya kigeni yenye soko. Mwaka 1984 Marekani ilitunga sheria maalumu ya leseni. Mwaka 1988 ikaongeza utaratibu wa kugawana mzigo: kampuni hukata bima kwa kiasi cha hasara kubwa iwezayo kutokea, na kisichozidi dola milioni 500 kwa madhara ya watu wengine, juu ya hapo serikali hubeba, hadi kikomo fulani, Bunge likiidhinisha. Ufaransa, ambayo roketi zake huruka kutoka Kourou huko Guyana, ilitunga sheria yake tarehe 3 Juni 2008. Kampuni hushikwa bila kosa kwa madhara ya ardhini, lakini juu ya kiwango kilichowekwa kati ya euro milioni 50 na 70 serikali hutoa dhamana. Mtu aweza kuuliza kama si kodi ya wananchi inayowalinda matajiri. Ndivyo ilivyo kwa sehemu, nasi hatuoni haya kulisema. Lakini katika nchi hizo mbili angalau imeandikwa ni nani hulipa, na hulipa hadi wapi.

Faida ya kuandikwa ilionekana mwezi wa Machi 2024. Kipande cha chuma cha gramu 700 hivi, kilichotoka katika shehena ya betri chakavu iliyotupwa na kituo cha kimataifa cha angani, kilitoboa paa na sakafu ya nyumba ya familia moja katika mji wa Naples, Florida. Familia ilipeleka dai la zaidi ya dola 80,000 kwa NASA. Angalia msomaji: Mkataba wa Dhima haukuisaidia familia hiyo, maana ni Wamarekani na chombo kilikuwa cha Marekani. Ni kizuizi kile kile cha mvuvi wetu wa Pweto. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na sheria ya nchi yao ya kushika na ofisi ya kupelekea karatasi.

Juu ya migongano ya angani kwenyewe tutasema machache. Tarehe 10 Februari 2009 setilaiti ya simu ya kampuni binafsi, Iridium 33, iligongana na Kosmos 2251 ya Urusi, iliyokuwa imekufa zamani. Hapakuwa na dai lililopelekwa kwa Mkataba wa Dhima. Pamoja na ugumu wa kuthibitisha kosa, palikuwa na kichekesho cha sheria: Iridium 33 yenyewe ilirushwa mwaka 1997 na roketi ya Urusi, Proton, kutoka Baikonur, kwa hiyo Urusi ilikuwa nchi irushayo kwa pande zote mbili za ajali.

Mwenye ardhi

Afrika haijaacha kutafutwa na warushaji. Ikweta na mikoa iliyo karibu nayo hutoa nafuu kwa roketi iendayo mashariki, maana dunia yenyewe huisukuma kwa mzunguko wake, na maeneo yenye wakazi wachache hupendeza machoni mwa mhandisi. Mwezi wa Januari 2023 Djibouti ilitia sahihi hati ya maelewano na kampuni ya Hong Kong ili kujenga kituo cha kurushia. Hatusemi kwamba ni vibaya. Twasema kwamba nchi itoayo ardhi haitoi ardhi tu. Inajitwika dhima isiyoulizia kosa kwa majirani wote, na papo hapo inawaondoa raia wake katika kinga ya mkataba.

Kwa hiyo, mbele ya mapatano ya namna hiyo, mshauri wa serikali angetafuta mambo ambayo hatujaona yakizungumzwa katika mijadala ya Luvua. Je, serikali ya nchi ya kampuni imekiri kwa maandishi kuwa nayo ni nchi irushayo, au inajificha nyuma ya neno "binafsi"? Je, kampuni imekata bima kabla ya roketi ya kwanza, na bima hiyo inamtaja mwanakijiji wa karibu kuwa mstahiki, au inamtaja waziri tu? Je, kampuni ikifilisika, ni nani atoaye dhamana? Na mvuvi ataandikia wapi dai lake, na kwa lugha gani? Mwaka 1978 hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kiangukacho juu ya mtumbwi wake kina mwenyewe.

Swali la mwisho ndilo linaloturudisha katika kazi yetu sisi walimu wa lugha. Mkataba wa mwaka 1967 na ule wa 1972 una matini rasmi kwa Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Tafsiri ya Kiswahili haingekuwa na nguvu ya kisheria, lakini ingemwezesha chifu, mwalimu wa shule au mwanasheria kijana wa Kalemie kusoma ibara ya saba ya mkataba wa 1967 na ibara ya saba ya mkataba wa 1972 pamoja, na kutambua kwamba ya kwanza yampa mgeni haki na ya pili yamwacha mwenyeji nje. Sisi tumeanza kuzitafsiri ibara za kwanza saba za Mkataba wa Dhima pamoja na wanafunzi wa mwaka wa tatu. Neno lililotusumbua kuliko yote halikuwa "dhima". Lilikuwa "raia wa nchi irushayo": wanafunzi wawili waliokulia ukingoni mwa Ziwa Mweru hawakukubali kwamba maneno hayo yangeweza kuwahusu jamaa zao, ambao katika maisha yao hawajarusha kitu ila nyavu.